Aliyeonja Kikombe cha Mgeni

Watu walipiga makofi.

Mama Janeffer alikuwa amelala chali juu ya zulia, maziwa yamemwagika kifuani, na watu waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa wanampigia makofi!

Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana, msomaji, kikombe kikiwa bado kinabingirika sakafuni. Kama hukuwa nasi, jua haya tu. Watu wa televisheni wametoka Nairobi wakafungua ile nyumba ya zamani ya meneja, kwenye mashamba ya chai juu ya Litein. Wamekuja kuigiza kitabu ambacho kila mtu amekisoma au amesimuliwa na aliyekisoma: *Mgeni Hakurudi*. Tajiri anakaribishwa nyumbani kwa chifu. Mke wa chifu anammiminia mursik, yale maziwa ya mgando yenye unga wa mkaa, kutoka kwenye kibuyu. Tajiri anakunywa, anaanguka, anakufa mbele ya wageni wote, na hakuna anayejua ni nani aliyetia sumu.

Anayeanguka ni tajiri. Kitabu kinasema hivyo. Na tajiri alikuwa Ndung'u, yule mwigizaji ambaye ukimwona barabarani unamwita kwa jina la kwenye mchezo.

Lakini Ndung'u alikuwa amekaa kitini, mzima kabisa, mkono ameunyosha kupokea kikombe ambacho hakikumfikia.

"Msizime kamera," dairekta Rachael alinong'ona. "Huyu mama ni moto!"

Ndung'u hakuwa mtu wa kushtuka mbele ya kamera. Aliinama juu ya mama aliyeanguka, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Mama, maziwa yenu yanalewesha namna hii?"

Watu wakacheka.

Nelvine hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu mikononi, amevaa aproni ya mfanyakazi wa jikoni, maana hiyo ndiyo sehemu aliyopewa. Na yule aliyelala chini hakuwa mke wa chifu. Alikuwa mama yake mzazi.

Aliiona miguu ya mama yake ikitetemeka, gauni limepanda juu ya magoti. Mama Janeffer asingekubali jambo hilo mbele ya wanaume, hata kwa mchezo, hata kwa televisheni.

Nelvine akaweka kibuyu chini, akakimbia.

"Mama! Mama!"

Povu lilikuwa linamtoka mdomoni.

"Hii si mchezo!" Nelvine alipiga kelele. "Zimeni hiyo kitu! Mama anakufa!"

Makofi yakakatika.

Walimbeba wakamwingiza kwenye gari la mizigo ya kamera. Jirani yao Dorcus akaruka nyuma, akakiweka kichwa cha mgonjwa mapajani mwake. Nelvine naye akashika mlango ili apande. Mkono ukamvuta nyuma.

Ulikuwa mkono wa Isaiah, baba yake mdogo. Tangu baba yake Nelvine afariki, Isaiah ndiye aliyekuwa sauti ya mwisho katika boma lao. Na watu wa televisheni walipofika, ni yeye aliyewatafutia waigizaji wa hapa.

"Wewe baki," alisema, si kwa sauti ya chini. "Polisi watataka kumwona aliyebeba kibuyu."

Kila mtu akamtazama Nelvine.

Gari likaondoka. Na hapo hapo, mvua ya mawe ikaanza.

Inspekta Nyaberi aliingia sebuleni akikung'uta barafu kwenye kofia. Mawe yalikuwa yanapiga mabati kama mtu anayemwaga kokoto. Ili usikike, ilibidi upige kelele. Basi mahojiano yote yalikuwa ya kupiga kelele, na kwenye veranda wachumaji waliokimbia mvua walikuwa wamesongamana na vikapu vyao mgongoni, masikio wazi.

"Nani alikamua ng'ombe?"

"Ni mimi, afande!"

"Nani aliosha kibuyu?"

"Mimi!"

"Nani alikileta hapa?"

"Ni mimi pia!"

"Basi umenirahisishia kazi!"

Isaiah akakohoa. Alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani kama mtu aliye kanisani.

"Afande, huyu ni mtoto wa ndugu yangu. Sitaki kumharibia. Lakini wiki hii hawasemezani na mamake. Kuna kijana wa Sosiot anataka kumwoa. Mamake amekataa."

"Ni kweli?" Inspekta aliuliza.

"Ni kweli, lakini..."

"Lakini gani? Mama amekataa. Mama amekunywa. Mama ameanguka. Hata mtoto wa darasa la tatu ataiona hiyo njia."

Isaiah akatikisa kichwa kwa huzuni. "Niruhusu, afande. Mgonjwa hana mtu wa kwetu huko ila Dorcus. Wacha nimpelekee uji."

Aliruhusiwa. Alipita karibu na Nelvine, akamgusa bega. "Nitakuombea, mtoto wangu."

Pingu zilikuwa mkononi mwa Inspekta. Nelvine aliziona, na woga ukampa ulimi ambao hakujua anao.

"Afande, waulize wale vijana wa kamera! Maziwa ya kibuyu hicho wamekunywa asubuhi!"

Vijana wakatazamana. Mmoja akashika tumbo. "Ni kweli, afande. Mimi hata nilirudia. Na niko sawa... nafikiri."

"Kwa hivyo sumu haikuwa kwa kibuyu!" Nelvine alisema. "Ilikuwa kwa kikombe! Na kikombe kimekaa hapo mezani tangu asubuhi, kila mtu akipita!"

Inspekta akakitazama kikombe kilichokuwa bado chini ya kiti. Ndani kilikuwa na rangi nyeusi, na mkaa wa mursik huacha weusi wake pia. Nani angeona kitu kilichopakwa chini?

"Na tena hicho kikombe hakikuwa cha mama! Fungua kitabu uone! Ni kikombe cha mgeni!"

"Basi mbona amekunywa yeye?"

"Kwa sababu kwetu anayemimina anaonja kwanza! Ndio mgeni ajue hakuna ubaya! Huwezi kumpa mtu maziwa kama wewe mwenyewe hujaonja!"

Rachael, dairekta, alisogea mbele. "Nelvine, tumefanya mazoezi ya hii sehemu siku nyingi. Mamako hajaonja hata mara moja."

"Dada, kwa mazoezi kikombe kilikuwa tupu. Angeonja nini, hewa? Leo mmeweka maziwa ya kweli. Mkono wake umefanya kile umezoea tangu aolewe."

Ndung'u alikaa chini polepole. Uso wake, ule uso ambao Kenya nzima inaujua, ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema. "Huyo mama amekunywa kifo changu."

"Una adui?" Inspekta aliuliza.

"Mimi ni mwigizaji, afande. Nina maadui hata kwenye kwaya ya kanisa letu." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Lakini sikuja kwa mchezo peke yake. Baba yangu alikuwa na shamba upande wa Chepseon. Tulihama ule mwaka wa fujo za uchaguzi, nyumba ikiungua nyuma yetu. Sasa nasikia kuna mtu analima hapo. Sijamjua. Wakili wangu anamtafuta."

Inspekta akamgeukia Nelvine. "Nani anaweza kutega kikombe bila kujua kwamba mke wa nyumba ataonja?"

Na Nelvine, msomaji, akaona mlango umefunguka. Akapita bila kutazama kilichokuwa upande wa pili.

Alivuta pumzi, akapaza sauti kushinda mawe yote yaliyokuwa juu ya mabati:

"Ni mtu aliyesoma kitabu tu! Hajui mila yetu! Si mtu wa huku!"

Mvua ya mawe ilikatika katikati ya maneno yake. Ilikatika kama redio iliyozimwa. Na yale maneno ya mwisho yakatoka peke yao, wazi kabisa, yakavuka sebule, yakafika kwenye veranda.

Si mtu wa huku.

Kwenye veranda, kikapu kimoja kikawekwa chini.

Halafu sauti ya mwanamume ikasema nje, taratibu, "Mmesikia?"

"Mimi nilisema toka siku ile walifika," mwingine akajibu.

"Na huyo dairekta si ni binti wa Gathoni wa duka?"

Rachael alikuwa amesimama katikati ya sebule, karatasi za mchezo mkononi. Ndiyo, alikuwa binti wa Gathoni, mhamiaji mwenye duka la vitambaa pale Litein sokoni. Duka hilo lilikuwa na mlango mpya. Kila mtu alijua mlango wa zamani ulivunjwa mwaka gani.

"Nelvine," alisema, "unajua umesema nini?"

Jiwe likapita dirishani. Halikuwa la mvua.

Inspekta akatoka mbio, akaanza kuwafokea watu warudi nyuma. Ndani walibaki watatu tu karibu na kamera iliyozimwa: Nelvine, Rachael na Ndung'u.

"Sikumaanisha wewe, dada," Nelvine alisema.

"Ulimaanisha nani? Mimi nimezaliwa nyuma ya lile duka. Nimekunywa maziwa kwenu nikiwa na meno ya utoto. Mamako ameonja mbele ya macho yangu mara ngapi? Kama ningetaka kumwua Ndung'u ningemtilia kwa chai, ananisumbua kila siku anataka sukari."

"Hiyo ni kweli," Ndung'u alisema.

"Basi mbona uliandika mgeni apewe moja kwa moja?" Nelvine alimuuliza Rachael.

"Kwa sababu kitabu kinasema hivyo! Mwandishi wake hakuwahi kukanyaga huku. Nilijua amekosea. Lakini badilisha kitabu kile, uone vile nchi nzima itakurukia." Rachael akakunja zile karatasi. "Na mamako hata hakuwa aigize. Mimi nilimchagua Dorcus."

Nelvine akainua kichwa. "Dorcus?"

"Babako mdogo ndiye alikuja. Akasema Dorcus hafai, ana kiburi, nimchukue mke wa marehemu ndugu yake. Alisisitiza sana. Nikaona ni mambo ya familia, nikakubali."

Mambo yakageuka kichwani mwa Nelvine kama chapati inavyogeuzwa.

Alikuwa amesema mtega sumu ni mtu asiyejua mila. Je, kama anaijua? Je, kama anaijua vizuri kabisa, akajua kwamba kikombe cha mgeni kitapita kwanza kwenye mdomo wa mama? Kila mtu angemtafuta adui wa Ndung'u. Hakuna ambaye angeuliza nani anataka shamba la chai ambalo marehemu baba alimwachia mama.

Na ni nani aliyetoka sasa hivi kupeleka uji hospitali?

"Dada Rachael," alisema. "Gari iko wapi?"

Walitokea mlango wa jikoni. Ndung'u ndiye aliyeendesha. Pande zote za barabara chai ilikuwa imechanwachanwa, na barafu nyeupe imelala juu yake. Nelvine hakuwaambia anamshuku nani; alisema tu wamfikishe hospitali kwa mama yake.

Muuguzi aliwazuia kwenye korido. "Mgonjwa wa sumu? Ni dawa ya kupe, ile ya kuogesha ng'ombe. Ana bahati alikunywa funda dogo. Lakini jamaa wa karibu tu."

"Mimi ni binti yake," Nelvine alisema, na hakungoja jibu.

Kitanda kilikuwa cha mwisho, karibu na ukuta. Isaiah alikuwa ameinama juu yake. Mkono mmoja ulikuwa chini ya shingo ya Mama Janeffer. Mkono wa pili ulikuwa na kikombe cha uji, na kikombe kilikuwa kimeshagusa midomo.

"Baba mdogo! Weka chini!"

Wagonjwa wote wakageuka.

Isaiah hakushtuka. "Sauti, mtoto wangu. Hapa ni hospitali."

"Dorcus yuko wapi?"

"Nimemwambia aende nyumbani apumzike."

Nelvine akasogea hadi kitandani. Neno lililomjia si neno ambalo binti humwambia mzee wa boma lake. Ni tusi. Ni kumwita mchawi mbele ya watu. Akalisema.

"Onja kwanza."

Mama mmoja kwenye kitanda cha jirani akasema, "Oi!" akafunika mdomo.

Isaiah alimtazama Nelvine. Halafu akatabasamu. Akainua kikombe, akanywa. Si funda moja. Alikunywa uji wote hadi chini, koo likipanda na kushuka, akakigeuza kikombe juu chini. Hakuna tone lililoanguka.

"Umeridhika?"

Nelvine alitamani sakafu ifunguke. Alikuwa amemtukana ndugu ya baba yake, bure, mbele ya watu wa vijiji vyote.

"Nisamehe, baba mdogo."

"Televisheni imekuingia kwa kichwa. Mimi nimekusamehe." Akapangusa mdomo. "Lakini polisi hawana moyo wangu."

Hapo ndipo vidole vya Mama Janeffer vilipomshika Nelvine mkononi.

Macho yalikuwa wazi kidogo. Midomo ilisogea. Nelvine akainama mpaka sikio likagusa ule mdomo uliokauka.

"Usimwombe msamaha," mama alisema.

"Mama?"

"Aliniambia nisionje."

Isaiah alikuwa anakifunga kikombe kwenye chupa ya uji. Mikono yake ikasimama.

"Asubuhi," Mama Janeffer alisema, kila neno likipanda mlima. "Nyuma ya jiko. Akasema, shemeji, leo usionje. Fanya vile kitabu kinasema. Mpe mgeni tu."

"Anaota," Isaiah alisema.

"Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo Rachael anataka. Lakini hakunitazama."

"Mama, kama uliogopa, mbona hukukiweka chini?"

Mama Janeffer alifunga macho.

"Kuogopa nini? Ni shemeji yangu. Nilijiambia ni mawazo yangu mabaya. Lakini nilipokishika... Nelvine, ningempaje mgeni kitu ambacho mimi nimekatazwa kuonja?"

Mkono ukalegea.

Sasa Nelvine aliona yote, na yote yalikuwa mabaya kuliko alivyofikiri. Mama hakuchaguliwa ili afe. Alichaguliwa kwa sababu ni mjane wa boma la Isaiah, na Isaiah alizoea kumwambia kaa akakaa. Dorcus asingemtii. Kikombe kilikuwa cha Ndung'u tangu mwanzo. Na lile shamba la Chepseon... Kila mavuno Isaiah aliwaletea gunia la mahindi kutoka upande huo. Walikuwa wamekula ugali wake, wakamshukuru Mungu, na hakuna aliyewahi kuuliza shamba ni la nani.

Isaiah akamkaribia. Alinuka uji na sabuni.

"Fikiri vizuri," alisema polepole. "Aliyebeba kibuyu ni wewe. Mamako hatasema tena leo, labda hata kesho. Na watu wote wamesikia kwa mdomo wako mwenyewe kwamba si mtu wa huku. Utawaambia nini sasa? Kwamba ulidanganya?"

Akachukua kofia yake.

"Wacha nimwite daktari," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, akatoka.

Nelvine alibaki ameshika ule mkono. Alihesabu pumzi za mama yake. Moja ilichelewa. Nyingine ikaja.

Viatu vizito vikalia sakafuni. Inspekta Nyaberi alikuwa amelowa hadi magotini, pingu mkononi, askari wawili nyuma yake.

"Umetoroka," alisema. "Na umeniachia moto. Unajua watu wako wapi saa hii? Wametoka kwenye chai, wanashuka sokoni. Wanaenda duka la Gathoni. Wanasema msichana wa kwao ameshasema ni nani."

Nelvine akasimama.

Angenyamaza, duka la watu lingeungua kwa neno lake. Angesema, angeitia aibu nyumba ya baba yake, na labda asiaminiwe na yeyote. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekatazwa, na akaonja.

"Afande, nilikosea," alisema. "Nipeleke sokoni nikawaambie mwenyewe. Aliyetia sumu ni mtu wa huku. Ni mtu wa boma letu. Ni Isaiah, baba yangu mdogo, na mama atakuambia akiamka."

Inspekta alishusha pingu. "Isaiah yuko wapi?"

"Ametoka kumwita daktari."

"Daktari nimempita pale nje. Yuko peke yake."

Rachael alitokea mlangoni, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnamtafuta Isaiah?" alisema. "Ameondoka sasa hivi na Ndung'u, kwa gari letu. Alimwambia anajua shamba la babake liko wapi, atampeleka akalione kabla jua halijatua."